Nani Humgundua Msanii? Wachoraji na Washonaji wa Kongo tangu 1926

Katika vitabu vingi vya historia ya sanaa ya Kongo, msanii huingia akiwa ameshikwa mkono na mtu mwingine. Jina la huyo mtu mwingine ndilo hutangulia: alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, au afisa wa zamani wa jeshi la majini, au mwalimu wa kigeni wa chuo kikuu. Kisha hufuata kitenzi "kugundua", na nyuma yake jina la mchoraji. Mpangilio huo wa maneno umezoeleka hata hauulizwi tena. Lakini ukichunguzwa mwaka kwa mwaka, huonekana kwamba unaficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mchoraji anayesemwa kuwa aligunduliwa alikuwa na kazi yake na watazamaji wake kabla ya mgeni kufika. La pili ni kwamba yule mgunduzi ndiye aliyeshika karatasi, rangi, bei na daftari la majina. Makala haya yanafuata habari hizo hasa katika Katanga, kwa sababu huko ndiko Kiswahili kilikopata kuwa lugha ya msanii anayejieleza mwenyewe.

Mwaka 1926 Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya Kongo ya Wabelgiji, aliona huko Bukama nyumba ambazo kuta zake zilikuwa zimechorwa picha. Mchoraji aliitwa Albert Lubaki, naye alikuwa pia mchongaji wa pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji, akamwomba ahamishie huko yale aliyokuwa akiyachora ukutani. Antoinette, mke wa Lubaki, alichora pia. Baadaye, huko Kasai, Thiry alikutana na Djilatendo, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ushonaji. Karatasi hizo zilipelekwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer, afisa wa wizara ya makoloni aliyependa fasihi na sanaa. Zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929, na mwaka uliofuata Geneva.

Yafaa kutua hapa kidogo. Ukuta wa nyumba ni mali ya kijiji. Kila apitaye huutazama, na mvua ikiuharibu mwenyewe huuchora upya. Karatasi husafirishwa. Tangu siku ile Lubaki alipopokea karatasi, watazamaji wake walibadilika bila yeye kuwaona, na jirani aliyekuwa akisimama mbele ya ukuta kuusifu au kuucheka hakuwa na nafasi tena katika jambo hilo. Hakuna ushahidi kwamba mchoraji alichukia mabadiliko hayo. Huenda aliyafurahia, maana rangi zilikuwa nzuri na malipo yalikuwapo. Hata hivyo njia yote ilitegemea watu wawili tu, mmoja Kongo na mmoja Ubelgiji. Katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano yalipokatika, sanaa hiyo ilikatika pia katika kumbukumbu za Ulaya. Kazi zilibaki katika makabati ya watu binafsi na ya makumbusho, na mwisho wa maisha ya Lubaki haukuandikwa na yeyote.

Kwa habari ya Djilatendo, kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wamelipita upesi mno, nalo ni ushonaji wake. Sehemu kubwa ya karatasi zake imejaa mistari, miraba na mafundo yanayorudiwarudiwa, na wengi wamesema kwamba mapambo hayo yatoka katika vitambaa vya Wakuba. Ni kweli kwamba Wakuba ni jirani na kwamba nguo zao za nyuzi za rafia zina sifa kubwa. Lakini fundi anayepima kitambaa, akakikata na kulinganisha pindo na pindo siku nzima, hana haja ya kuvuta mapambo kutoka katika roho ya kabila. Mkono wake umekwisha kujifunza. Aliyesema "mchoraji wa asili" aliona kabila asione kazi.

Miaka 20 baada ya Bukama, jambo kama lile lilirudi kwa sura kubwa zaidi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyepata kutumikia jeshi la majini, alianzisha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, karakana iliyoitwa Hangar. Aliwapa vijana rangi na mahali pa kufanyia kazi, akakataa kuwafundisha kanuni za uchoraji wa Ulaya, hata kuwaonyesha picha za huko hakutaka. Aliamini kwamba ndani ya kila Mwafrika mna hazina ya maumbo inayotosha, mradi isichafuliwe. Aliwatazama wanafunzi wake kama baba atazamavyo wanawe, na hapo ndipo palipo wema wake na kasoro yake pia. Wema, kwa sababu katika mji wa kikoloni ambamo Mwafrika alitakiwa kuwa mikono ya kampuni ya madini ya Union Minière, yeye aliwapa watu hao siku nzima za kuchora. Kasoro, kwa sababu mlinzi wa usafi wa mtu mwingine huanza kumwekea mipaka ya kile anachoruhusiwa kujua.

Kazi zenyewe ndizo zilizomkanusha. Bela Sara, aliyetoka pande za Chad, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, akaijaza nafasi iliyobaki kwa nukta nyingi mpaka maji na majani vikawa kama vinatetemeka. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyosongana. Watu hao walitumia rangi za aina moja chini ya paa moja, na mlezi wao alikuwa mmoja, lakini hakuna awezaye kuchanganya kazi ya mmoja na ya mwingine. Ikiwa hazina ile ilikuwa ya kabila au ya bara zima, ilitoka wapi tofauti hiyo? Kiswahili kina kitenzi kingine, "kuvumbua", ambacho hutumika kwa kupata kilichofichika na vilevile kwa kubuni kipya. Kwa Romain-Desfossés maana zote mbili zinafaa: aliwapata wachoraji, na nadharia yao aliibuni.

Alifariki mwaka 1954. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa amekwisha kuanzisha mjini humo chuo cha sanaa, ambako Pilipili na Mwenze walikuja kufundisha. Jambo hilo halisemwi vya kutosha. Wale "waliogunduliwa" wakawa walimu, na tangu hapo kijana wa Katanga aliweza kupokewa katika sanaa na Mwafrika mwenzake.

Nje ya vyuo, hata hivyo, soko lingine lilikuwa likikua ambalo halikuhitaji mgunduzi. Katika miaka ya 1970, jimbo lilipokuwa likiitwa Shaba, wafanyakazi wa machimbo, makarani na walimu walinunua picha za kutundika sebuleni, zilizopakwa mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Walipenda Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini mwenye utajiri wa hatari. Walipenda pia ile iitwayo Colonie belge, inayoonyesha mfungwa akichapwa mbele ya mkubwa wa Kizungu. Mnunuzi alijua anachotaka, akibishana bei, akiona haya kununua picha isiyoweza kusimuliwa wageni wakifika.

Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alitoka katika soko hilo. Alipokutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, alimweleza kwamba mradi wake ulikuwa kuchora historia yote ya nchi. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea picha 101, kuanzia enzi za kale kabla ya ukoloni mpaka Zaire ya wakati wake. Zaidi ya picha kulikuwa na mazungumzo, nayo yalinaswa katika kanda, kwa Kiswahili cha Shaba. Humo mchoraji anafafanua, anabisha, anasahihisha maswali ya profesa, na mahali pengine ananyamaza kwa sababu wakati ule kusema kulikuwa na hatari. Alijiita mwanahistoria. Fabian alipotoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1996, mchoraji mwenyewe alikuwa hajulikani aliko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha ziko Amsterdam. Tofauti yake na Lubaki, aliyepotea vilevile, ni zile kanda: mmoja ameacha picha zinazosemewa na wengine, mwingine ameacha picha pamoja na sauti yake. Na sauti hiyo haikuhitaji Kifaransa.

Wachoraji wa Kinshasa walipata njia yao. Chéri Samba alianza kwa kuandika mabango ya maduka, akafungua karakana yake mwaka 1975, akaonekana katika maonyesho ya Art partout mwaka 1978. Mwaka 1989 yeye na Bodys Isek Kingelez walialikwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre, na magazeti ya Ulaya yakaandika kana kwamba wamezaliwa mwaka huo.

Upande wa mavazi, historia ina upungufu mkubwa zaidi. Utawala wa Mobutu ulikataza suti na tai ukaamuru abacost, amri iliyolegezwa Aprili 1990. Kwa karibu miaka 20, basi, taifa zima la wanaume wa ofisini lilivaa kazi ya mafundi ambao karibu wote hawana jina katika kitabu chochote. Hata wale vijana wa sape walioipinga amri hiyo walisifu majina ya washonaji wa Paris na wa Japani. Mshonaji wa mtaa aliyerekebisha koti hilo likamkaa mvaaji alilipwa, akasahauliwa.

Katika karne hii wengine wameacha kungoja. Lubumbashi, mwaka 2008, mpiga picha Sammy Baloji, mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha Picha, na kutoka humo yakazaliwa maonyesho makubwa ya mji yanayofanywa kila baada ya miaka michache. Waalikaji ni wenyeji, na mgeni wa Ulaya huja kama mgeni. Kwa mavazi, mfano ulio wazi umetoka ughaibuni. Anifa Mvuemba, mzaliwa wa wazazi Wakongo anayefanya kazi Marekani, alibuni mkusanyo alioupa jina Pink Label Congo. Mei 2020, majumba ya maonyesho yakiwa yamefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, aliuonyesha kwa Instagram: magauni yaliyotengenezwa kwa kompyuta yalitembea yenyewe gizani, bila mwili ndani yake. Hakuna nyumba ya mitindo ya Paris iliyomwalika wala kumtambulisha. Na kabla ya gauni la kwanza kutokea, watazamaji walikalishwa kwanza kuona habari za machimbo ya koltani ya Kongo na watoto wanaofanya kazi humo.