Kiungo cha Mwendo Sawa: Chombo na Jina Lake

Vuga, makao makuu ya Wakilindi zama za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ilikuwa ikifikiwa kwa miguu. Leo magari hupanda kutoka Mombo kuelekea Soni kwa barabara yenye kona nyingi, kisha huishika njia ya Vuga. Kila kona hukitaabisha kiungo cha chuma kilichopo mwishoni mwa ekseli, karibu na gurudumu la mbele. Mafundi hukiita "sivi jointi". Katika makala haya twakusudia kueleza asili ya kiungo hicho, ili tuone jina lipi lakifaa.

Kabla yake palikuwapo krosi, ambayo Waingereza huihusisha na Robert Hooke, mtaalamu wa karne ya 17. Krosi hupitisha mzunguko penye pembe, lakini ina kasoro: shafti ya kwanza ikienda kwa mwendo mmoja, ya pili huongeza mwendo na kuupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikizidi, mtikisiko huzidi. Kwa hiyo krosi moja haifai kwenye gurudumu lenye kuendesha gari na papo hapo kukata kona.

Katika miaka ya 1920, Alfred Rzeppa wa Marekani alibuni kiungo chenye gololi sita ndani ya mifereji iliyopinda. Kizimba huziweka gololi hizo katikati ya pembe daima, na shafti zote mbili zikazunguka sawasawa. Gari la Mini, lililotolewa Uingereza mwaka 1959, lilikieneza kiungo cha namna hiyo katika magari ya watu wa kawaida.

Anayekitengeneza nyumbani huuona ukweli huo kwa macho yake. Mara nyingi chanzo cha ubovu ni mpira wa kukifunika kuchanika, vumbi na maji yakaingia. Fundi hukiosha kwa mafuta ya taa, hutia alama kila kipande, hukiinamisha kizimba na kuzitoa gololi mojamoja. Zikiwa nzima, pamoja na mifereji yake, hutia grisi mpya na kufunga mpira mpya. Vikiwa na vishimo, hapana budi kununua kiungo kingine.

Sasa tuliangalie jina. Mfasiri afuataye Kiingereza neno kwa neno ataandika "kiungo cha kasi isiyobadilika". Hilo lapotosha, kwani kasi ya gari hubadilika kila mara. Kisichobadilika ni usawa wa shafti mbili. Mwanafunzi aliyefundishwa jina hilo hataelewa kwa nini krosi haikufaa mahali hapo. Wajerumani wamekiita kwa neno lenye maana ya kwenda sawa, nao wamelenga.

Twapendekeza basi "kiungo cha mwendo sawa", na sehemu zake ziwe "gololi" na "kizimba", maneno ambayo watu wanayo tayari. Walimu wa ufundi wayajaribu mbele ya wanafunzi wao, kwani istilahi isiyoeleweka gereji haitaokoa gari mlimani.