Jina moja, matangazo mawili: historia fupi ya var, let na const

Hebu fungua Chrome, bonyeza F12, nenda kwenye konsoli. Andika const bei = 500, bonyeza Enter. Halafu andika const bei = 700, Enter tena. Kimya. Bei sasa ni 700, hakuna aliyelalamika. Chukua mistari hiyohiyo miwili, iweke kwenye faili moja la JavaScript, na ulifungue kwa Chrome hiyohiyo. Programu nzima inagoma. Hata mstari wa kwanza haufanyiwi kazi.

Nilikutana na jambo hili nikiwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mmoja alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba konstanti inaweza kutangazwa mara mbili. Amejaribu mwenyewe, ameona kwa macho yake. Sasa nimwambieje kwamba amekosea?

Jibu linaanzia 1995. Mwezi Mei mwaka huo, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitengeneza toleo la kwanza la lugha hii kwa takriban siku kumi. Iliitwa Mocha, ikawa LiveScript, na Desemba ikapewa jina la JavaScript. Ililengwa pia watu ambao si wataalamu wa programu, mtu anayetaka tu kitufe kwenye ukurasa wake kifanye kitu fulani. Kwa hiyo ilikuwa lugha mpole, pengine mpole kupita kiasi. Ukiandika var jumla = 40 halafu chini yake var jumla peke yake, tangazo la pili linapuuzwa na jumla inabaki 40. Ukiliwekea thamani, var jumla = 0, basi 40 yako imekwenda, na hakuna onyo lolote.

Mimi upole huo ulinigharimu. Kwenye kazi yangu ya shahada ya uzamili nilikuwa na ukurasa mmoja unaotumia skripti mbili, na zote mbili zilitumia var jumla. Ya pili ilikuwa inafuta hesabu ya ya kwanza. Jedwali likatoka safi, linapendeza, na namba zake si za kweli. Msimamizi wangu ndiye aliyeuliza mbona safu haijumlishi. Laiti kompyuta ingenipigia kelele!

Kelele hizo zilichukua miaka ishirini kufika. Mozilla walianza kutumia const zamani, kabla haijaingia kwenye kiwango rasmi cha lugha, na hapo ndipo vurugu ilipoanza. Kwenye Firefox za wakati ule, ukijaribu kubadilisha thamani ya konstanti, amri yako ilipuuzwa kimyakimya na thamani ya zamani ikabaki. Kwenye Opera hadi toleo la 12, na Safari hadi 5.1, thamani ilibadilika kama vile umeandika var. Internet Explorer hadi ya 10 haikuikubali const kabisa. Mstari mmoja, vivinjari vinne, majibu matatu. Ungefanya jaribio lako kwenye kimoja tu, ungerudi na "ukweli" wa kivinjari hicho.

Jaribio kubwa la kuisuka lugha upya, toleo la nne la ECMAScript, lilikwama na kuachwa mwaka 2008. Kamati ikaendelea kwa sharti moja zito: kurasa za zamani zisivunjike. Sharti hilo ndilo lililoiokoa var. Kurasa nyingi mno zilikuwa zimetangaza jina moja mara mbili bila wenyewe kujua, kwa hiyo var haikuguswa. Badala yake, Juni 2015, kiwango kipya kikaleta let na const zenye masharti: ndani ya mabano yaleyale jina halitangazwi mara mbili, na const haipewi thamani nyingine. Hata Firefox, iliyoitangulia, ililazimika kubadilisha const yake kuanzia toleo la 36.

Sasa, ukitaka kujaribu haya mwenyewe, kuna mtego. Wengi hufunga mistari yao ndani ya try na catch wakitegemea kulinasa kosa. Halinaswi. Kutangaza upya ni kosa la sarufi: kivinjari husoma skripti nzima kwanza, na hulikataa kabla ya kutekeleza chochote, ikiwemo hiyo try yako. Kubadilisha thamani ya const ni kosa la aina nyingine, linatokea programu ikiwa inakimbia, na hilo linanaswa vizuri tu. Watengenezaji wa Test262, mkusanyiko rasmi wa majaribio ya lugha hii, wanaijua tofauti hiyo. Jaribio la namna hii hueleza mwanzoni mwa faili kwamba linatarajiwa kushindwa, na kwamba lishindwe wakati wa kusomwa. Sehemu ya majaribio hayo ilitokana na Sputnik, majaribio zaidi ya 5000 ambayo Google waliyatoa mwaka 2009.

Na ile konsoli? Watu hubandika kipande kilekile cha msimbo mara kumi wakitafuta kosa, na zamani kila mara ilibidi waufungue ukurasa upya. Chrome wakalegeza kamba: let kuanzia toleo la 80 mwaka 2020, const kuanzia la 92 mwaka 2021. Ni ruhusa ya konsoli tu, na ni kwa matangazo yaliyoingizwa kwa nyakati tofauti.

Nilimwambia yule mwanafunzi aandike matangazo yote mawili kwa mkupuo mmoja, kwa Shift na Enter. Yakakataliwa. Hakufuta sentensi yake daftarini, aliongeza tu maneno mbele yake: "kwenye konsoli ya Chrome, moja baada ya nyingine."