Chumvi ya Ozi ndani ya kompyuta

Leo tuweke kando programu mpya, tuzungumze historia kidogo. Naunda mchezo wa kompyuta wa kufundishia biolojia, na mahali nilipouweka ni Ozi, karibu na pale Mto Tana unapoingia baharini Kipini. Kipengele kinachonila muda ni kimoja tu: chumvi.

Michezo mingi ya shule ilikuwa mtihani uliopakwa rangi: swali, jibu, pointi. Wengine walimpa mchezaji kanuni, wakamwacha aone. Mwaka 1970 John Conway alionyesha kwamba kanuni chache juu ya visanduku zinatosha kuzaa maumbo yanayotembea kama viumbe. Miaka ya 1980 MECC ya Minnesota ilikuwa na Odell Lake, ambamo mtoto anakuwa samaki: ale, au akimbie? Mwaka 1992 Maxis wakatoa SimLife, unabuni mimea na wanyama wako mwenyewe. Mimi niko upande huo wa kanuni. (Spore ya 2008 ni tamu kuchezea, lakini biolojia yake, mmh!)

Sasa Ozi. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu huiacha kiasi ipite, kisha huitoa kwenye majani; lamba jani utaionja. Mpunga hauwezi hata kimoja. Basi kila kisanduku changu kina namba ya chumvi, nayo hutegemea nani anasukuma zaidi, mto au bahari.

Na hapo binadamu ametia mkono zamani. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliunganisha Tana na mto Ozi, Tana yenyewe ikaufuata na kutokea Kipini. Tangu 1981 bwawa la Masinga, huko juu, linazuia sehemu ya mafuriko. Wakulima wa Ozi wameona maji ya bahari yakiingia mashambani.

Kwa hiyo nimeweka vitufe viwili, mfereji na bwawa. Ukibonyeza, leo huoni kitu. Misimu kadhaa baadaye mpunga unaanza kuwa manjano, na mchu unaota palipokuwa shamba.

Mwalimu mmoja aliyeujaribu alitaka yatokee maandishi "Umekosea!" Nikakataa. Bwawa hilo hilo linatoa umeme, pengine ndio unaowasha kompyuta ya mchezaji.