Vijana wa Kitui na Makueni, Zamani na Sasa



Katika kila mkutano wa chama chetu halikosi kusemwa neno moja, ya kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Hunywa pombe mchana, huchimba mchanga mitoni, hukimbilia Nairobi na Mombasa, wala habari nyumbani hawapeleki. Halmashauri imeniagiza mimi karani niandike juu ya jambo hili katika kitabu cha mwaka huu, nami nimeona ni vema kuanza mbali kidogo, maana asemaye kwamba mambo haya ni mapya hajaitazama historia ya nchi yetu.

Kijana wa Kikamba kuondoka kwao si jambo la jana. Kabla ya reli kujengwa, misafara ya pembe za ndovu ilitoka Kitui ikashuka mpaka pwani. Kivoi, yule mkubwa wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alipata utajiri na sifa kwa biashara hiyo. Waliokwenda safari zile walikwenda kwa kundi, chini ya kiongozi, na waliporudi mali yao iligeuka ng'ombe na mbuzi mbele ya macho ya watu wote, na mifugo ile ikawa mahari. Basi tusiwashangae vijana kwa sababu ya kusafiri. Tuangalie wanasafiri na nani, na wanarudi na nini.

Na pombe vivyo hivyo. Gerhard Lindblom, Mswedi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, alitoa mwaka 1920 kitabu kikubwa juu ya desturi zetu. Humo ameeleza daraja za watu: mwanake, kisha nthele, kisha mutumia. Uki, yaani pombe ya asali na ya miwa, ilikuwa kinywaji cha wazee. Hapakuwa na askari wa kumzuia kijana. Kilichomzuia ni kwamba ng'ombe wa mahari yake walikuwa zizini mwa baba, naye hakutaka kumuudhi mwenye zizi. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamkataza mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Desturi yetu haikuhesabu miaka. Iliuliza kama mtu ana mke, ana watoto, ana nyumba ya kuangalia.

Ni kitu gani kilichovunja mpango huo? Wengi husema ni shule. Mimi, niliyelelewa katika shule ya misioni, nasema ni kodi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na mwaka 1910 ikafuata kodi ya kichwa, iliyomkamata hata mwanamume asiye na nyumba. Reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ilikuwa imekwisha kupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na njia ya kwenda kutafuta rupia ilikuwa wazi. Wengine walikwenda kufanya kazi katika reli na mashamba ya wazungu, wengine waliingia polisi na jeshi la KAR, na katika vita vya 1914 hadi 1918 wengi walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Hivyo kijana alipata fedha kabla ya kupata ng'ombe. Mtu alipaye kodi yake mwenyewe haambiwi kwa wepesi na baba yake, usinywe. Tangu hapo kijana alikuwa na fedha bila daraja, na mzee alikuwa na daraja bila fedha, na kazi ya kuwapatanisha hao wawili bado haijamalizika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba wazee walisome polepole. Nchi yetu imekwisha kupata dawa iliyofaa kwa hali kama hii, nayo ni mwethya. Tangu zamani mwethya ulikuwa majirani kukusanyika kumsaidia mmoja kulima au kujenga. Serikali ya kikoloni, ilipoogopa mmomonyoko wa udongo, iliwalazimisha watu kuchimba matuta, na kazi ile ilichukiwa sana. Katika miaka ya 1950 watu walipoachwa wachague viongozi wao wenyewe, na wachague aina ya matuta waipendayo, kazi ilisonga mbele. Ndipo tuta liitwalo fanya juu lilipoenea, kwa kuwa udongo hutupwa upande wa juu wa mfereji. (Jina hilo sasa wanalitumia wataalamu wa nchi nyingi, wala wengi wao hawajui Kiswahili.)

Wilaya ya Machakos, ambayo ilikuwa pamoja na Makueni mpaka mwaka 1992, ilikuwa na watu wapata 240,000 mwaka 1932, na wapata 1,400,000 mwaka 1989. Wataalamu waliochunguza habari hizo, wakatoa kitabu mwaka 1994, walikuta kwamba watu wameongezeka mara tano na zaidi, na mmomonyoko umepungua. Walioifanya kazi hiyo kwa wingi walikuwa wanawake, maana waume zao walikuwa mjini. Neno hilo husahauliwa katika hotuba zetu.

Leo mahali pa matuta pameshikwa na mchanga. Mito yetu ni ya msimu, na maji yake hujificha chini ya mchanga, mbali na jua. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, mchanga hujaa nyuma yake na kuyashika maji mpaka miezi ya kiangazi. Tangu miaka ya 1990 kuta za namna hiyo zimejengwa Kitui kwa mamia. Lakini mchanga ule ule hununuliwa na wajenzi wa Nairobi, na kijana apakiaye lori hupata ujira wake jioni ile ile, ilhali kisima cha mama yake chakauka. Huko Makueni watu wameuana kwa ajili ya mchanga. Serikali ya kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, na Kitui mwaka 2018 ilikataza mchanga na makaa kuchukuliwa nje ya kaunti. Amri hizo naziunga mkono. Hata hivyo, sharti tukiri kwamba kijana aliyenyang'anywa sepetu hakupewa kitu kingine cha kushika.

Juu ya binti zetu nitasema kwa ufupi. Tangu mwaka 1994 serikali imeruhusu msichana aliyezaa arudi shuleni. Wanaomzuia aghalabu si walimu, bali ni sisi tulio nyumbani, kwa aibu.

Fedha za chama chetu, kama hesabu iliyo nyuma ya kitabu hiki inavyoonyesha, hutumika zaidi kwa maziko kuliko kwa jambo lingine lolote. Maziko hayana budi. Lakini naiomba halmashauri itenge fungu moja la kuwakopesha vijana wa nyumbani watakaojifunga kujenga ukuta mmoja wa mto, ujira wao ukilipwa kila juma, na viongozi wakichaguliwa na wao wenyewe, wala si na sisi. Naomba pia nafasi mbili katika halmashauri wapewe wanachama vijana, mmoja wao awe mwanamke. Najua baadhi ya wazee hawalipendi neno la pili, na wamekwisha kuniambia. Maneno yote mawili yameandikwa katika orodha ya shughuli za mkutano mkuu, nayo yatapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina kusomwa.