Barabara Inayofunikwa Mara Mbili kwa Siku

Kila mwaka masika yakishika, mwezi Aprili, hoteli nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja hufunga au hupunguza wafanyakazi, vitanda vya ufukweni huingizwa stoo, na zile zinazobaki wazi huteremsha bei. Aprili na Mei biashara ya utalii huzihesabu kuwa msimu wa chini, na mgeni anayeulizia matembezi ya pwani katika miezi hiyo huambiwa angoje Juni. Jibu hilo limetoka kwenye daftari la hoteli. Historia ya ufukwe inasema vingine. Kabla pwani ya kutoka rasi ya Michamvi hadi Makunduchi, kilomita zipatazo 30, haijawa mahali pa kujilaza juani, ilikuwa barabara. Barabara hiyo ilikuwa na saa za kufunguka na saa za kufungika, lakini mwezi wa kufungika haikuwa nao.

Ardhi yenyewe inatosha kueleza sababu. Magharibi ya Unguja kuna udongo mzito na vijito, na ndiko mashamba ya karafuu na minazi yalikotawala karne ya 19. Mashariki na kusini ni maweni: mwamba wa matumbawe ya kale, umevikwa vichaka, una ncha zinazokata viatu seuze nyayo. Wahadimu, wenyeji wa upande huo, walibaki huko baada ya ardhi nzuri kuingia mikononi mwa wenye mashamba, wakalima kwa kuhamahama, wakipanda mtama na muhogo katika vishimo vya udongo baina ya mawe. Njia za vichakani zilikuwepo, lakini zilitoka kijijini kwenda makondeni, na mvua chache za masika zilitosha kuziziba kwa majani. Ufukwe hauoti majani, maana bahari huufagia mara mbili kwa siku. Mtu wa Jambiani aliyekwenda Paje kuzika, kuposa au kudai deni lake hakuwa na haja ya panga. Vitazame na vijiji vyenyewe. Jambiani imenyooka kilomita kadhaa sambamba na maji, na upana wake ni wa nyumba chache tu. Mtu atasema watu walijipanga hivyo kwa ajili ya visima na uvuvi, na sehemu ya jibu hilo ni kweli. Lakini kisima hukusanya nyumba kukizunguka. Kinachozinyoosha katika mstari mmoja mrefu ni njia, na njia ya gari haikuwepo vijiji hivyo vilipoanza.

Watu wameitumia pwani ya visiwa hivi kwa muda mrefu mno. Msafiri wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliyeandika mwongozo wa biashara ya bahari hizi, alikitaja kisiwa cha Menouthias, chenye mashua zilizoshonwa na watu wanaovua kwa mitego ya kusuka iliyotegwa penye mikondo ya maji. Wataalamu wanabishana kama kilikuwa Pemba, Unguja au Mafia. Madema ya namna hiyo yanategwa hadi leo katika visiwa vyote vitatu, kwa hiyo ubishi huo hauigusi hoja yetu. Kizimkazi, upande wa kusini, msikiti una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mji uliokuwa na uwezo wa kuchonga maandishi yale kwenye jiwe haukuishi kwa majahazi ya ng'ambo peke yake. Ulihitaji majirani wa kuulisha, na majirani walifika kwa miguu.

Jambo ambalo vitabu vya wageni hulipita haraka ni kalenda. Watu wa pwani hii walitumia kalenda mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni mwaka wa jua wa siku 365, unaoanzia Siku ya Mwaka na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Huo ndio uliomwambia mkulima lini afyeke na nahodha lini atweke tanga. Makunduchi bado wanaufungua kwa Mwaka Kogwa, mwezi Julai. Ya pili ni ya mwezi mwandamo, ambayo kila Mwislamu anaijua kwa ajili ya funga na sikukuu, na mtu wa pwani aliisoma pia kama ratiba ya maji. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi kumi na tano, huja bamvua. Katika bahari ya Unguja tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku hizo hufika mita nne hivi, na maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata juma moja baadaye, katika maji mafu, saa nne ileile inakuwa ya maji kujaa. Aliyejua leo ni mwezi ngapi alijua pia saa ya kuondoka na saa ya kuwahi kufika. Hesabu hiyo haibadiliki kwa mvua. Tena bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na siku ambazo mchana na usiku hulingana, yaani Machi na Septemba, na nguvu yake huendelea hadi mwezi unaofuata. Barabara hii basi huwa pana kuliko wakati wowote masika yanapoanza, ndipo hoteli zinapoweka kufuli.

Ukiutazama ufukwe wa bamvua kwa karibu utaona pia jinsi ulivyogawanywa. Penye tope laini kuna mduara wa mawe ya matumbawe, umezungushiwa vijiti, na juu yake yamerundikwa mawe mengine. Chini yake yamefukiwa makumbi ya nazi. Mwanamke huyaacha humo miezi kadhaa maji ya chumvi yayaozeshe nyama, kisha huyachimbua, huyaponda kwa gongo hata zibaki nyuzi, na nyuzi husokotwa kamba. Kila shimo lina mwenyewe, na jirani hawezi kuchimbua makumbi yasiyo yake. Mbele zaidi kuna nyuzio za kunasia samaki, kuna wanaochokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba, na tangu 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kama biashara Paje na Jambiani, kuna safu za vigingi na kamba zilizofungwa vipando. Wakulima wake wengi ni wanawake, na kazi yao hufuata bamvua hizohizo. Mali ya mtu na njia ya watu wote zilikaa mahali pamoja: shimo ni la fulani, lakini fulani hamzuii mpita njia. John Middleton, katika utafiti wake wa umiliki wa ardhi Zanzibar uliotoka 1961, alieleza mpango unaofanana na huu nchi kavu, viambo vya makazi vikiwa na haki za ukoo, na maweni yakiwa ya pamoja ambayo mgeni hayagusi bila idhini. Pwani iliuendeleza mpango huo hadi ndani ya maji.

Kuna atakayesema kwamba msimu haukubuniwa na hoteli. Anayo haki. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Kachi yaliingia Unguja na kaskazi, Disemba hadi Machi, yakaanza kuondoka kusi ilipopindua, Aprili. Mji Mkongwe ulijaa na kupungua hivyo karne nyingi kabla ya ndege ya kwanza ya watalii. Lakini huo ulikuwa msimu wa bandari, na bandari iko magharibi. Mashariki kuna mwamba mrefu wenye milango michache, na jahazi kubwa halikuwa na la kutafuta huko. Hoteli zilichukua desturi ya mji, ya kuhesabu mwaka kwa kuja na kuondoka kwa wageni, zikaihamishia kwenye pwani isiyoijua. Na msimu mpya wenyewe haufuati hali ya hewa kwa uaminifu. Julai na Agosti kusi huvuma kwa nguvu, bahari ya nje ya mwamba huchafuka, ngalawa hubaki ndani, na bado huo ndio msimu wa juu, kwa kuwa shule za Ulaya zimefungwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: masika ni mvua kweli, na wakati mwingine ni hatari. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, na merikebu za Sultani, Seyyid Barghash, hazikusalimika. Pemba haikuumia kiasi hicho, na kilimo cha karafuu kikaegemea huko tangu wakati huo. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, upande wa Mafia. Haya si ya kupuuzwa, na tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitolewa, mtu akae ndani. Lakini vimbunga viwili vilivyopishana miaka 152, hata tukiongeza vilivyosahauliwa baina yao, havitoshi kufunga miezi miwili kila mwaka. Mvua ya kawaida ni jambo jingine. Upande wa mashariki hupata kidogo kuliko magharibi, na mchanga hunyonya maji kabla ya dimbwi kukaa. Anayeumizwa na masika pwani hii ni mkulima wa mwani, anayekosa jua la kuanikia. Mtembezi hulowa tu.

Jinsi barabara ilivyogeuka sebule ni habari ya juzi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya serikali. Sheria ya kulinda vitega uchumi ya 1986 ikafungua mlango, na mwaka 1992 zikaja Kamisheni ya Utalii pamoja na Sheria ya Umiliki wa Ardhi iliyoruhusu mwekezaji kukodishwa kwa miaka mingi. Mwaka 2019 wageni walioingia Zanzibar walizidi laki tano. Fedha za utalii zimesomesha watoto na kujenga nyumba, na si busara kuzibeza. Lakini mkataba wa hoteli huchorwa na mpimaji wa nchi kavu, na hauna mstari wa kuonyesha njia inayozama saa sita na kurudi jioni. Ufukwe ni wa umma, na majengo hutakiwa kukaa nyuma ya alama ya maji kujaa. Hata hivyo, kuta za kuzuia mmomonyoko zimejengwa mahali pengi, na maji yakijaa yanagonga ukuta, mpita njia hana pa kukanyaga isipokuwa ngazi za hoteli, ambako mlinzi amesimama. Mchanga nao huhama na pepo: kusi huusukuma kaskazini na kaskazi huurudisha. Ukuta unaojengwa kwa kutazama ufukwe wa Januari huwa umekosea ufukwe wa Mei.

Limebaki pingamizi moja ambalo kwa maoni yangu ndilo la haki kuliko yote: Wahadimu hawakutembea kwa starehe. Walitembea kwa sababu hawakuwa na punda wala gari, wakiwa na mzigo kichwani, na kuiita njia yao matembezi ni kuipamba kazi ngumu. Nakubali kwamba mtembezi wa leo hafufui desturi yoyote. Ila anachofanya hakimhitaji awe mrithi. Haki ya kupita haikuwahi kumuuliza mtu anakwenda wapi, na njia isiyopitwa ndiyo inayozibwa kwanza. Kijana wa Jambiani mwenye pikipiki hana tena sababu ya kwenda Paje kwa mchanga, lami ipo. Ikiwa wanawake wa mwani watabaki peke yao kama watumiaji wa ufukwe kwa miguu, na bei ya mwani ikaendelea kuwakatisha tamaa, hatakuwepo wa kulalamika ukuta unaofuata utakaposogezwa mbele. Mgeni anayetembea Aprili, na zaidi yake Mzanzibari wa mjini anayekuja na familia yake hoteli zikiwa kimya na bei ikiwa inashikika, huongeza nyayo katika miezi ambayo nyayo zinapungua. Hulala pia katika nyumba za wageni za kijijini na kununua pweza kwa mvuvi ambaye mteja wake wa hotelini ameondoka. Kwa hilo serikali za mitaa zingefanya jema kuitambua njia hii rasmi, kuiwekea alama kila kijiji, na kumtaka kila mwenye ukuta aache kipito kinachopitika hata maji yakijaa.

Anayetaka kuijaribu atazame mwezi kwanza, bei ya chumba baadaye. Achague siku ya pili au ya tatu ya mwezi mwandamo, au ya kumi na sita au ya kumi na saba, aondoke Jambiani saa mbili asubuhi maji yakiwa bado yanapwa, aelekee Bwejuu ili kusi imsukume mgongoni. Avae viatu vya kuingia majini na akae kwenye mchanga, mbali na mwamba hai. Kamba za mwani azizunguke, asizivuke, na makumbi yaliyofukiwa asiyakanyage. Safari ya Makunduchi au Michamvi ni ndefu zaidi na inataka mtu wa kijijini wa kuongoza, kwa kuwa sehemu nyingine majabali hushuka hadi majini. Ikifika adhuhuri maji yatakuwa yanarudi.