Nyimbo za Mchakamchaka na Ubunifu wa Watoto wa Mpanda

Mchakamchaka, yaani mbio za asubuhi zinazoambatana na nyimbo, ulikuwa desturi ya shule za msingi nchini Tanzania katika enzi ya Elimu ya Kujitegemea, sera iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Ingawa ujumbe mwingi ulitoka kwa chama na serikali, muundo wa wimbo, ambamo kiongozi hutunga na kundi huitikia kibwagizo, ulimwachia mtoto nafasi halisi ya ubunifu. Wilayani Mpanda, ambako makazi ya wakimbizi wa Burundi yalianzishwa Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, Kiswahili cha shuleni, lugha ya nyimbo hizi, kiliwakutanisha watoto wenye lugha mbalimbali za nyumbani. Walimu wa mkoa wa Katavi, ilipo Mpanda leo, wazikusanye nyimbo hizo wakati walioziimba wangali hai.