Kutalii ni kusoma

Siku hizi ukisema "mtalii", watu huona kofia pana, kamera shingoni na gari la mbugani. Nasikitika kwamba neno hili tumewaachia wageni. Kutalii limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kusoma kwa makini, kuyapitia maandishi bila pupa. Ndugu yake wa damu yuko shuleni: mtalaa, ambao wengi sasa huuita mtaala.

Anayetalii, basi, anasoma. Na cha kusoma kipo mlangoni, hasa kwa sisi wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Miaka mingi nimevipita vichochoro vile nikikimbilia sokoni Darajani. Asubuhi moja nikapunguza mwendo, nikatazama milango tu. Huu kizingiti chake cha juu kimenyooka, wa jirani una tao. Huu umejaa misumari ya shaba, ule umechongwa mnyororo pembeni, toka juu hadi chini. Mzee mmoja aliyeketi barazani akaniuliza kama nimepotea.

"Shikamoo, mzee wangu. Sijapotea, natazama mlango wako."

Akanisogezea nafasi nikae, akaanza kunisimulia nani alikaa nyumba ile kabla yake. Sokoni nilifika samaki wamekwisha.

Msomaji, Jumamosi hii ipite njia yako ya kila siku polepole, kisha utuandikie ulichokisoma.